Fundo la Bi Mosi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Moto unawaka?"

"Unawaka!"

"Na watoto wamelala?"

"Hawalali bila hadithi!"

Basi sogeeni. Hapo kale, ndege walipokuwa wakiposana kama sisi, kando ya mto wenye matete aliishi mnana mmoja mjane, jina lake Bi Mosi. Upepo wa masika ulimwangushia majini kiota alichojengewa na marehemu mumewe, makinda wakazama. Akabaki mmoja tu, Kombo. Tangu siku hiyo Bi Mosi hakuamini fundo lolote ila lake.

Kombo akakua, akampenda Chausiku wa ng'ambo. Na kwa ndege hawa, mume hujenga kwanza, kisha mke huja kukagua. Kiota kisipomridhisha, hakuna harusi.

Kombo akaanza ujenzi, akaenda kutafuta majani. Bi Mosi akaingia bila hodi. Akavuta fundo, likalegea. Akalifungua, akafunga lake huku akiimba:

"Chomeka, zungusha, kaza,
nyumba ya mwanangu haianguki."

Kombo aliporudi akauliza, "Mama, umepita hapa?"

"Nimepita kukusalimu tu, baba."

Siku ya pili Kombo akasuka ukuta, akatoka. Bi Mosi akaingia bila hodi, akafumua, akafunga, akaimba.

"Mama, ukuta ule nilikuwa nimeusuka."

"Ukuta? Kile kilikuwa kifumbu cha kuchujia tui!"

Siku ya tatu Kombo aliacha kusuka. Alimletea mama yake majani, akakaa pembeni kumtazama akifunga. Bi Mosi akafurahi. Akaona mwanawe sasa amekuwa msikivu.

Siku ya ukaguzi ikafika. Chausiku akaja na shangazi zake. Akaingia, akatoka, akachomoa jani moja juu ya mlango, akampa Kombo, kama desturi yao ilivyo.

"Lirudishe."

Kombo akalichomeka, likaanguka. Akalichomeka tena, likaanguka. Mara ya tatu akamgeukia mama yake, na wote wakageuka naye. Wakamwona Bi Mosi juu ya tete, mdomo unazunguka hewani, unafunga fundo lisilokuwepo.

"Jamani!" shangazi mmoja akacheka. "Kumbe bwana harusi ni huyu!"

Chausiku hakucheka. Akauliza kwa adabu, "Mama, paa likivuja usiku, nimwamshe nani?"

Bi Mosi akainamisha kichwa. Manyoya yakamlala mwilini, akatamani mto umfunike. Kicheko hakikumuuma sana. Yaliyomuuma ni macho ya Kombo. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakingoja kuambiwa la kufanya.

Wageni wakaenda zao. Kombo akaanza kubomoa kiota, fundo kwa fundo.

"Baba, nimekuaibisha," Bi Mosi akasema. "Nitahamia mto mwingine nisikusumbue."

"Usihame, mama. Kaa nami. Mafundo tu niachie."

Akakaa. Akachukua jani akaliuma, ili mdomo uwe na kazi. Kombo akafunga, likafunguka. Akafunga, likafunguka. Bi Mosi akazidi kuuma jani. Mara moja tu Kombo akauliza, "Hapa nizungushie wapi?"

Akalitema jani. "Kwa chini." Akaliokota, akaliuma tena.

Chausiku akaitwa, akaja. Akachomoa jani juu ya mlango. Kombo akalirudisha kwa fundo baya, limekaa upande, lakini Chausiku alipolivuta halikutoka. Akaingia ndani, na safari hii naye hakutoka.

Asubuhi Bi Mosi akasimama mlangoni, haya bado zimemjaa.

"Hodi."

Zamani angekuwa ameshaingia. Akangoja.

"Hodi."

"Karibu, mama!"

Akainama kupita. Lile fundo la upande likamgusa utosi. Mdomo ukamwasha. Akaliacha.

Nasi wazazi tukae karibu na watoto wetu, tubishe hodi, na mafundo yao tuwaachie wafunge wenyewe.

Hadithi yangu naifunga hapa. Mkiona imelegea, msinifungulie. Na mkikutana na mnana ameuma jani, hasemi na mtu, mpiteni polepole. Kuna neno anajizuia.