Mada Iliyokataa Kufunguka

Tulieni niwape kazi. Nikimaliza sitaki makofi, nataka hukumu.

Pale Morogoro walikuwapo wanawake watatu walioendesha blogu ya wachangia damu. Mwanahawa alikuwa na sikio: watu wakinyamaza vibaya, yeye hujua. Tusekile alikuwa na subira. Fundo lililowashinda wengine alilikalia mpaka likalegea. Na Nyamizi? Huyo alijaliwa ulimi. Angekuomba kitu usichotaka kutoa, ukampa na kumshukuru juu.

Blogu yao iliendeshwa hivi. Ombi la damu hupangiwa kutoka alfajiri, kabla watu hawajaenda makazini. Likitoka tu, mada yake hujifungua kwenye jukwaa lao la mtandaoni, na huko ndiko wachangiaji hujibu. Walikwisha kufundishwa wasimjibu mtu yeyote nje ya jukwaa, maana matapeli wa damu waliwahi kuwatesa wagonjwa. Bila mada, hakuna damu.

Siku hiyo ombi lilikuwa la Mwajabu, mke wa Athumani Shekue. Alikuwa na mimba pevu, anavuja damu, na kundi lake ni la nadra. Daktari alisema hawezi kumpasua bila damu, wala hawezi kungoja kupita adhuhuri. Athumani akakaa kwenye benchi la hospitali, akaapa: mtoto akiishi, ataitwa jina la mtu aliyewaokoa.

Ombi likatoka kwa wakati wake. Watu wengi wakalisoma.

"Limetoka, tushukuru Mungu," wakasema ofisini.

Mwanahawa akakunja uso. "Wote hawa wamesoma, hata mmoja asiseme 'nipo'? Watu wetu hawako hivyo." Akabonyeza kiungo cha mada. Kikampeleka pasipo na kitu. Kama angeridhika na shukrani za wenzake, Mwajabu angekufa huku wasomaji wakimwombea dua.

Tusekile akakaa kwenye kompyuta. Akalitoa ombi kwa mkono, jukwaa likalikataa. Akalifuta, akaliandika upya, likakataliwa. Wengine wakalaumu mtandao, wakaenda kutafuta vocha. Yeye akabaki akisoma ujumbe wa hitilafu mmoja baada ya mwingine, mpaka akaukuta uliosema mwandishi hayupo. Akashika kichwa. Maombi yote yalitoka kwa jina la marehemu Bi Rehani, mwanzilishi wao, na jukwaa halikupokea ombi kwa jina jingine. Kwenye blogu walikuwa wameliacha jina kwa heshima. Jukwaani, juzi tu baada ya arobaini, binti yake Rahma alikuwa ameifunga akaunti, kama mtu anavyokunja nguo za marehemu. Nywila anayo yeye peke yake.

Nyamizi akapiga simu.

"Mama yangu mmemzika, sasa mnataka kumfukua?" Rahma akakata.

Nyamizi akapiga tena. Nywila hakuitaja. Akatoa pole, akamwacha Rahma alie, huku Tusekile akimkodolea macho na jua likipanda. Halafu akasema taratibu, "Dada Rahma, kuna mama anavuja damu. Mfungulie Bi Rehani leo tu, amsaidie." Kisha Rahma akaifungua akaunti.

Mada ikafunguka. Wachangiaji wakaja mbio, wakatoa damu, wakaondoka bila kutaja majina, maana ndiyo desturi yao. Mwajabu akapasuliwa. Akapona, na mtoto wa kike akalia kwa nguvu.

Leo ni akika yake, na sebuleni hakukaliki.

"Bila mimi mngekuwa bado mnashukuru," anasema Mwanahawa.

"Ulisikia kimya, shoga, lakini hukujua chanzo chake," anajibu Tusekile.

"Na wewe uliuona mlango," anasema Nyamizi, "ukasimama nje."

Jirani mmoja anapendekeza mtoto apewe majina yote matatu. Mwajabu anatikisa kichwa. "Mume wangu alimwapia Mungu mtu mmoja. Kiapo cha uhai wangu sikichezei."

Athumani anawatazama wanawake watatu anaowapenda wote, na machozi yanamlenga. Atakayemtaja, amewaumiza wawili. Shekhe amempakata mtoto, ameinama, anangoja kuambiwa jina.

Haya, wasikilizaji, na wewe babu unayejifanya umesinzia. Mngekuwa Athumani, mngemwambia shekhe jina gani?