Jina la Kufungia

Kabla sijawapa hadithi, niungame. Zamani niliezeka paa la msikiti wetu wa mtaa pamoja na seremala mmoja. Yeye alipanda juu akapiga misumari, mimi nilimshikia ngazi. Ijumaa imamu aliposhukuru, akataja jina langu tu. Nikainamisha kichwa, nikaitikia amina. Seremala alikuwa safu ya nyuma yangu, na leo yuko kaburini. Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni.

Palikuwa na watu wanne Mburahati waliokua pamoja kwenye mchiriku, ile ngoma ya mbio ya uswahilini. Pazi alikuwa na mikono ya kufufua: kinanda cha betri kilichotupwa jalalani, akikigusa kinalia. Mwanamke pekee kati yao, jina lake Sikudhani, alikuwa na kichwa cha kushika: wimbo aliousikia mara moja haukumtoka tena. Kondo alikuwa na mkono usioyumba: akishaushika mwendo wa ngoma, hauachii. Na Shomvi alikuwa na mdomo. Maneno yalimtoka kama mchele kwenye gunia lililopasuka.

Mdomo ndio uliopata jina. Shomvi akaenda kurap nyimbo laini za kumbi za hoteli, miaka kumi na minane, wenzake akawa anaonana nao misibani tu. Mpaka uvimbe ulipomwota kooni. Daktari akamwambia Jumatatu fulani watakata, na sauti itaondoka na uvimbe. Shomvi akarudi Mburahati na ombi moja: albamu ya mchiriku, nyimbo nane, kama walivyopiga ujanani. Kisha anyamaze.

Pazi sasa alikuwa fundi redio. Kinanda kile cha zamani alikuwa nacho, amekifunga kwa kanga ya marehemu mkewe, anakiwasha siku ya Idi tu, kidogo, kwa sababu mkewe alikipenda. Alijua nyaya zake hazifiki mbali. Akakileta. Kikalia nyimbo saba, na wa nane ulipoisha kikatoa moshi, kikafa. Bila kinanda kile, albamu isingekuwa mchiriku.

Sikudhani yeye alikuwa akikaanga mihogo ya kuuza. Nyimbo zile hazikuwahi kuandikwa, na Shomvi mwenyewe alikuwa amezisahau. Saba mama huyu alizitoa huku akicheka. Wa nane, mkali kuliko zote, Shomvi alimtungia yeye alipoachwa na mumewe, akamwimba kwa jina mbele ya mtaa mzima. Sikudhani akakaa mbele ya mtu aliyemwaibisha, akamfundisha tusi lake neno kwa neno. Shomvi akashindwa kumtazama. Bila kichwa kile, albamu isingekuwa na maneno.

Kondo yeye alikuwa muadhini. Mwanawe alipopona ugonjwa wa kifo, aliweka nadhiri kwamba hatagusa ngoma tena, na miaka kumi na mmoja hakuigusa. Walijaribiwa wapigaji watatu, wote nyimbo ziliwakimbia. Kondo akatawadha, akaswali rakaa mbili, akakaa akapiga. Wiki ile ile msikitini wakampa mtu mwingine adhana. Mimi siwezi kumhukumu, naogopa. Bila mkono ule, albamu isingesimama.

Ikabaki kufunga. Na mchiriku wa mtaa wao hufungwa kwa jina. Mwimbaji akimaliza wimbo wa mwisho humtaja mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye ngoma. Popote itakapopigwa, yeye ndiye wa kuinuka kwanza, na akifa, wanawe huinuka kwa ajili yake. Hawatajwi wawili. Ukitaja watatu, watu husema hujui nani alikubeba.

Jumamosi Shomvi alisimama mbele ya kipaza sauti, wenzake wakiwa kwenye benchi. Koo lilikuwa linamkwaruza. Akawauliza wenyewe.

Pazi akasema, "Mimi ya nini, bwana. Kitaje kinanda. Hata maiti ina jina."

Sikudhani akasema, "Usinitaje kwa huruma, Shomvi. Ulishanitaja mara moja, na nilisikika mpaka Manzese."

Kondo akasema, "Ukinitaja, aibu yangu itadumu mpaka kwa wajukuu. Usiponitaja, ndugu yangu, nadhiri yangu nimeivunjia nini?"

Shomvi aliwatazama mmoja mmoja. Kila jina lilipofika ulimini, aliona nyuso mbili zikizima. Akamwambia fundi wa studio aache nafasi ya pumzi moja mwisho wa wimbo, yeye atalala na jambo hili, kesho baada ya alasiri atakuja kulitamka. Hilo ndilo kosa lake. Jumapili aliamka akamwita mkewe, kikatoka kipumzi tu. Jumatatu wakakata.

Sauti haitarudi. Kinanda Pazi amekifungua mara tatu, na mikono ile ya kufufua imeshindwa. Adhana ya Kondo inasomwa na mwingine. Sikudhani anakaanga mihogo akijua kwamba tusi lake liko njiani kurudi mtaani. Albamu yenyewe imekaa studio, haijatoka, kwa kuwa ngoma isiyofungwa haitolewi nje. Fundi wa studio yuko tayari kulitamka jina yeye, aandikiwe tu. Wiki ya tatu hii Shomvi ameshika kalamu, na karatasi ni nyeupe.

Haya, wasikilizaji wangu. Jambo hili lingekuwa lako wewe, ungemwandika nani? Pazi, aliyekiua kitu cha mwisho alichoachiwa na mkewe? Sikudhani, aliyeirudisha aibu yake kwa mdomo wake? Au Kondo, aliyevunja ahadi yake kwa Mola?

Amueni nyinyi, mimi niliyemshikia mwenzangu ngazi sistahili kuamua. Ila ukishaamua nakuomba jambo moja. Katika dua yako ya leo, mtaje na yule seremala. Aliitwa Mwinshehe Chaurembo.