Kiboko na Baraza ya Kupungia Upepo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na wewe na maneno yako mengi!

Haya, nyamazeni basi niyaseme.

Alikuwapo Sange, kinyama kidogo kama ngumi, pua ndefu, akili ndefu zaidi. Dada yake aliugua kule ng'ambo ya nyika. Dawa ikatumwa mbio mbio, ikafika wameshazika. Sange alilia, jamani, alilia! Kisha akaapa atatengeneza ndege ya kwenda kasi kuliko sauti mara tano.

Lakini ndege ya namna hiyo huirushi kwa bismillahi tu. Inataka kituo cha utafiti: handaki la upepo la kujaribia mbawa, na tanuri la kuona kama bati litastahimili joto la mwendo ule. Na mlima pekee wenye mwamba wa kufaa ulikuwa wa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nimeleta ramani, naomba mlima nijenge..."

"Toka! Mlima wangu, mwamba wangu, hata nzi wake wangu!"

Sange akarudi nyumbani, akafuta maneno ya ramani, akaandika mengine. Kesho yake huyoo, anapita mbele ya Kiboko, ramani kaibana kwapani.

"We! Unaficha nini?"

"Si kitu, Mzee. Kasri tu la Tembo. Hapa baraza ya kupungia upepo, ndefu hiyo! Na hapa jiko la pilau."

"Jiko kubwa kiasi gani?"

"Sufuria kumi kwa mpigo."

Kiboko mate yakamdondoka. "Lete hapa! Najenga mimi!"

Akachimba, ti! ti! ti! Akajenga, ti! ti! ti! Miezi mitatu jasho tiriri, na Sange kando yake: "Refusha kidogo, Mzee. Upepo wa wakubwa haubanwi."

Siku ya kuhamia, Kiboko akajilaza barazani, tumbo juu. "Ah! Sasa nipunge upepo."

"Kiasi gani, Mzee?"

"Wote!"

Sange akawasha mapangaboi makubwa aliyoyafunga mwanzo wa baraza. Vuuuuu! Kiboko akatokea upande wa pili, akabingirika mteremko mzima, chubwi! mtoni. Hakurudi tena. Alisema mlima ule una wazimu.

Sange akajaribu mbawa, zikavunjika. Akajaribu tena, zikayeyuka. Za saba zikasimama. Mwaka ule ule mtoto wa Swala akazidiwa kule ng'ambo. Mama yake hajamaliza kupiga ukunga, dawa hii hapa mlangoni, na ngurumo ya ndege ikafika baadaye. Sange alipoambiwa alikaa chini akalia, safari hii kwa furaha.

Nimeitua hapo, anayeitaka aibebe. Na funzo lake, wanangu: msiwadanganye wakubwa hata siku moja. Mtajengewa kituo kizima bure, na aibu hiyo mtaiweka wapi?