Kishindo Kilichopotea Barazani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifagia nyua zao na kugombana kama sisi, palikuwa na jimbo liitwalo Bondeni. Jimbo hilo lilikuwa na baraza lake, na kila mtaa ulituma mjumbe mmoja.

Kiboko wa Mtoni ndiye aliyekuwa Spika. Nyati wa Majanini alikuwa kiongozi wa wajumbe. Kifaru wa Vichakani alikuwa Naibu Spika. Wadogo nao walikuwemo: Kindi, Nguchiro, Bi Kanga, na Pimbi wa Majabalini, mwenye miguu mifupi na akili nyingi.

Muhula wa baraza ulianza mvua zilipoanza, ukaisha mvua nyingine ziliporudi. Hapo viongozi wapya walichaguliwa. Na mswada ulioangushwa haukuruhusiwa kurudi mpaka muhula mpya.

Sasa sikilizeni walivyopiga kura. Wote walifumba macho, hata Spika, ambaye hakupiga kura, kazi yake ilikuwa kusikiliza tu. Spika aliuliza, "Wanaoafiki?" Waliokubali wakakanyaga chini. Akauliza tena, "Wasioafiki?" Waliokataa wakakanyaga. Penye kishindo kikubwa ndipo penye ushindi. Wazee waliweka desturi ya kufumba macho ili mdogo asimwogope mkubwa.

Lakini mnaona tatizo, wanangu? Pimbi akikanyaga, ti! Kifaru akikanyaga, puuu! Basi muhula mzima wakubwa walikuwa wakishinda tu.

Kiangazi kikaja. Visima vikakauka, mto ukabaki matope. Maji yakabaki kwenye bwawa moja tu, kule Majabalini. Ndipo Nyati akaleta mswada barazani.

"Waheshimiwa," alisema, "bwawa lilindwe. Asiyeacha alama ya mguu kwenye udongo mkavu asinywe maji yale."

Bi Kanga aliruka kitini. "Ala! Udongo huu mgumu kama jiwe! Wanangu wataacha alama gani?"

"Hilo mtajua nyumbani kwenu," Kifaru alikoroma.

"Kura kesho," alisema Spika.

Jioni ile Pimbi alikaa mlangoni kwake akiwatazama wanawe wakilamba chungu kikavu. Akafikiri, akafikiri, kisha akafunga safari kwenda kwa Kiboko.

"Hodi!"

"Karibu. Una nini, kijana? Kama umekuja kulia juu ya bwawa, geuka urudi."

"Hapana, Mheshimiwa. Nina swali dogo tu. Mvua zikirudi tutachagua Spika. Hivi, katika wajumbe wetu, ni nani mwenye kishindo kikubwa kuliko wote?"

Kiboko aliacha kutafuna. Jicho moja likawa dogo. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, Mheshimiwa."

"Hm! Nyati huyu... ananichekea sana siku hizi. Na Kifaru? Kila nikisimama, anakitazama kiti changu." Kiboko alipumua, pfuuu! "Kesho nitatega sikio. Atakayekanyaga kupita kiasi, huyo anajionyesha kwa wajumbe. Anataka kiti changu! Nitamvua cheo kabla jua halijazama. Usimwambie mtu."

"Mimi ni mdogo, Mheshimiwa, na siri ni kubwa. Sijui kama nitaiweza," alisema Pimbi, akaondoka mbio, tiki tiki tiki, hadi kwa Nyati.

Nyati alikuwa akinywa uji. "Shikamoo, mzee," alisema Pimbi.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kwa Spika. Anasema kesho atatega sikio. Atakayekanyaga kupita kiasi atamvua cheo."

Bakuli likamtoka Nyati mkononi, parakacha! "Ananitafuta mimi! Nilijua! Haya, nitakanyaga kama ninakanyaga yai. Kifaru yupo, kishindo chake kinatosha peke yake. Nani atajua? Macho si yamefumbwa?"

"Ndiyo, mzee. Yamefumbwa."

Mnadhani Pimbi alirudi nyumbani kulala? Aa wapi! Tiki tiki tiki, hadi kwa Kifaru.

"Mheshimiwa Naibu, Spika anasema atakayekanyaga kupita kiasi kesho atamvua cheo. Na Nyati anasema atakanyaga kama anakanyaga yai, kwa kuwa kishindo chako kinatosha peke yake."

Kifaru alizunguka uani mara mbili. "Ahaa! Ili nisikike mimi tu! Ili mimi nivuliwe cheo, yeye abaki! Mjanja huyo! Basi Spika hatanisikia hata mimi. Akanyage mwenyewe, mswada ni wake!"

"Usiku mwema, Mheshimiwa," alisema Pimbi.

Kesho yake wajumbe walikaa vitini. Spika aligonga rungu, ko! "Fumbeni macho! Wanaoafiki?"

Kimya.

Nyati aliteremsha kwato polepole, fyu. Kifaru aligusa ardhi kwa ncha ya kidole. Kila mmoja alisubiri kishindo cha mwenzake.

Spika alitega sikio la kulia, akatega la kushoto. "Nimesema, wanaoafiki!"

Fyu.

"Haya... wasioafiki?"

Ti! Ti-ti! Tap! Ti-ti-ti-ti! Kindi, Nguchiro, Bi Kanga, Pimbi na wadogo wote walikanyaga kwa nguvu zao zote. Hakikuwa kishindo kikubwa, wanangu. Lakini siku ile hapakuwa na kikubwa kuliko hicho.

Spika alifumbua macho. Alitaka kusema vingine, lakini wote walikuwa wamesikia. "Nasikia... wasioafiki wameshinda," alisema kwa sauti ya chini.

"Kifaru!" alinguruma Nyati. "Mbona hukukanyaga?"

"Wewe je? Mswada si wako?"

"Ulitaka kuniuza!"

"Wewe ndiye uliyetaka kuniuza mimi!"

"Kimya, nyote!" alifoka Kiboko. "Waliokanyaga polepole ndio wenye la kuficha! Nawashuku wote wawili!"

Nyati na Kifaru wakaachwa pale wakielekezeana pembe. Wadogo wakatoka zao kwenda bwawani.

Njiani Bi Kanga alimvuta Pimbi sikio. "Wewe! Uliwadanganya nini wakubwa wale?"

"Sikuwadanganya neno, dada. Nilimwuliza mmoja swali, kisha nikawapelekea wenzake majibu."

Kiangazi chote wanyama wote walikunywa pale, wakubwa kwa wadogo. Ila Kiboko, Nyati na Kifaru walikunywa kila mmoja upande wake, jicho moja kwenye maji na jicho moja kwa mwenzake, na maji yakawa yanawapalia. Nao wana wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma.

Wanangu, wanaoshukiana hawawezi kukanyaga pamoja, hata wawe na miguu mikubwa namna gani.