Mbu wa Ishirini

Leo nawapeleka mahali ambapo mbu wanafugwa. Mzee Mkilindi pale nyuma ameshaanza kutikisa kichwa, anasema mchungaji kachanganyikiwa. Wanafugwa, baba! Wanawekewa pamba yenye maji ya sukari, na asubuhi wanahesabiwa kama kuku. Ni maabara hiyo. Watu wanachunguza virusi vya homa ya dengue, ile tunayoiita kidingapopo, wajue vinatokaje tumboni mwa mbu mpaka kufika kwenye mate yake. Maana mbu mwenyewe haumwi. Anaruka zake tu. Anayelala kitandani akilia viungo ni wewe.

Sasa katika maabara ya mfano wangu kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, ana miaka kumi na moja kazini. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye hadubini, anampasua mbu kwa sindano nyembamba na kumtoa tezi za mate. Nani hapa amewahi kuona tezi ya mate ya mbu? Hata mimi sijaiona. Yule mama alikuwa anazitoa nzimanzima. Basi akaletwa binti, katoka chuoni juzijuzi, na asubuhi moja tu akapasua mbu wengi kuliko aliowapasua mama kwa siku mbili. Mkuu wa maabara akasema, "Mama, wewe utusaidie kulisha viluwiluwi. Kiti mwachie binti."

Viluwiluwi! Mnanielewa? Ukae miaka kumi na moja kwenye kiti, halafu upewe beseni la viluwiluwi uwanyunyizie chakula cha samaki! Roho ikamwuma yule mama. Nisiipambe: ulikuwa wivu, wivu mtupu. Wageni wakija, wanapelekwa kwenye meza ya binti. Binti akiamkia, "Shikamoo mama," ile shikamoo inamchoma. Binti akimletea maandazi, anayala, na yanamkaa kooni. Na binti wa watu alikuwa hajamkosea chochote. Ndiyo maana ilizidi kuuma, maana angekuwa na kiburi angalau mama angepata pa kushikia.

Sikilizeni sheria ya pale. Mbu waliokwisha kupewa virusi wanakaa kwenye vikombe vyenye wavu juu, ishirini kila kikombe, katika chumba chenye milango miwili. Kila siku wanahesabiwa, aliye hai na aliyekufa, wote. Akipungua mmoja, anaitwa mtu wa pili ahesabu. Naye akisema amepungua, hakuna mjadala tena. Chumba kinafungwa, vikombe vyote vinaingia kwenye friza bila kufunguliwa, kazi imekufa. Hawachezi na mbu mwenye ugonjwa aliyetoroka.

Siku moja binti akahesabu kikombe cha saba. Kumi na tisa. Akarudia. Kumi na tisa. Hapo ni kazi ya miezi minne, na zimebaki siku mbili tu apasue aone matokeo. Akaita, "Mama, njoo unisaidie macho."

Mama akaja. Akainama. Akamwona! Mbu wa ishirini alikuwa mle mle, amekufa, amejikunja chini ya kikaratasi chenye unyevu kinachowekwa ndani ya kila kikombe, mguu mmoja umechungulia. Macho ya miaka kumi na moja, atakosaje kumwona?

Akasema, "Kumi na tisa, mwanangu."

Basi. Hakuiba, hakupiga mtu, hakwenda kwa mganga. Chumba kikafungwa, mbu wote wakaingia kwenye friza, na binti akaambiwa akakae nyumbani mpaka aitwe.

Kesho yake asubuhi simu ya mama ikaita. Ni binti. "Shikamoo mama. Umeamkaje? Hujisikii homa? Nyuma ya macho hapaumi?" Mama akashangaa, "Kwa nini?" Binti akasema, "Yule mbu aliyetoroka, mama. Ulikuwa karibu yangu. Akiwa amekuuma, ndani ya wiki mbili utaugua. Nitakupigia kila siku." Mama akamuuliza, "Na wewe je?" "Mimi kosa ni langu, mama. Nakuhofia wewe."

Mnaona? Anamwogopa mbu ambaye hayupo!

Na kweli akapiga kila siku. "Hujambo mama?" "Sijambo." Siku ya tano mama akataka kusema. Neno likapanda, likakwama, akakohoa. Binti akapiga kelele, "Mama, unakohoa?" Akajibu, "Vumbi tu, mwanangu." Siku ya tisa akasema moyoni, kesho. Siku ya kumi akaiacha simu iite, halafu akapokea.

Siku ya kumi na nne binti akasema, "Mungu ashukuriwe, mama, siku zimetimia. Sasa naweza kulala. Nimeandika barua ya kuacha kazi, saa nne naipeleka. Mtu asiyeweza kuhesabu mpaka ishirini asishike mbu wenye ugonjwa. Na nimemwomba mkuu kiti akurudishie wewe, maana macho yako ni mazuri kuliko yangu. Haya, nikuulize kwa mara ya mwisho. Hujambo mama?"

Mama akasema, "Sijambo."

Msiseme amina! Amina ya nini hapo? Mara kumi na nne aliulizwa kama anaumwa, na anaumwa kweli, tena vibaya, na mara zote amejibu sijambo. Mtaniuliza, mchungaji, aliwahi kusema kabla ya saa nne? Sijui. Mwulizeni aliye karibu yenu, maana yule mama ni sisi. Leo mlangoni tumepeana mikono. Hujambo? Sijambo. Na ndani yetu yupo mtu ambaye kazi yake nzuri inatunyima usingizi, na tumeshasema juu yake neno moja dogo, mahali fulani, kwa mtu fulani, na yeye mpaka leo anadhani kosa ni lake.

Sitaomba mnyooshe mikono. Mtadanganya.

Naanza mimi. Mwinjilisti Shekiondo, simama tafadhali. Juzi ulinijia ofisini ukaniuliza, "Mchungaji, nimekukosea nini, mbona hunipangi tena kuhubiri?" Nikakujibu ni ratiba tu. Ndugu yangu, haikuwa ratiba. Siku ile ya Pasaka ulihubiri watu wakalia, na mimi nilikuwa nimekaa hapa mbele, nikakuchukia.