Nyumba Iliyokataa Kiswahili

Ndugu zangu, kabla hatujalifikia neno la leo, twendeni kwanza nyumbani kwa fundi mmoja.

Fundi huyu alitunza mitambo ya kiwanda cha chai, huko juu milimani ambako ukungu huingia hadi vyumbani. Alikuwa fundi kweli. Aliweza kupita karibu na kikaushio, akasimama ghafla, akasema, "Beringi ya huku ndani inaumwa," na wenzake hawajasikia kitu. Wakifungua, wanaikuta imeanza kulika.

Mkewe alikuwa mshona nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na kila aliyepita alipitia kwake, maana alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake yalikuwa matamu. Jioni, mumewe akirudi, alimsimulia siku nzima: nani kaleta kitambaa kisichotosha hata blauzi halafu anataka gauni la mikono mirefu, kuku wa nani kaingia jikoni kwa nani, akina nani wamenuniana na kwa nini wote wawili wana makosa. Fundi alikula huku anacheka. Wasichana warembo walikuwepo wengi ujanani mwake. Huyu alimwoa kwa sababu hakuchoka kumsikiliza.

Basi nchi moja ya mbali, nchi tajiri na ya baridi, ikatangaza kwamba inatafuta mafundi. Mwenye ujuzi angeweza kuomba, na akikubaliwa angehamia huko na mwenzi wake, afanye kazi na kulipwa vizuri. Fundi akaomba. Vyeti alikuwa navyo, uzoefu alikuwa nao. Kilichomkwamisha ni mtihani wa Kiingereza. Kusoma alifaulu, kuandika na kusikiliza alifaulu, lakini ilipofika zamu ya kuzungumza, mbele ya yule mtahini, ulimi ulimkauka. Akafeli. Akaruhusiwa kurudia.

Mwalimu aliyekuwa akimfundisha akamwambia, "Tatizo lako unawaza kwa Kiswahili, halafu unatafsiri. Kifanye Kiingereza kiwe lugha ya nyumbani kwako."

Mwalimu alikuwa anashauri mazoezi. Fundi akaenda nyumbani na sheria.

Jioni ile ile alisimama sebuleni, akamwambia mkewe, "Mama Atupele, kuanzia leo, ukishavuka kizingiti hiki ni Kiingereza tu. Atakayesema Kiswahili hatajibiwa."

Atupele ni binti yao, naye alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili tu, na mmoja wao Kiingereza chake kiliishia darasa la saba.

Mke akamtazama. "Na nikimkuta nyoka chini ya kitanda, Baba Atupele?"

"Utamtaja kwa Kiingereza."

"Basi umwambie na nyoka anisubiri, nikatafute kamusi."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa Kiswahili ndani ya nyumba ile, lakini nani angejua?

Msimwone fundi huyu mtu mbaya. Hakupiga, hakutukana, hakulewa. Kila alichokifanya alikifanya kwa ajili yao wawili. Alimfundisha mkewe kwa uvumilivu: kijiko, kiti, chumvi, mlango. Akimaliza alimfundisha maamkizi, kama tulivyofundishwa sote shuleni, tumesimama wima, tukiitikia kwa pamoja. Mimi nikikuuliza "hau ayu", wewe unajibu "ai em faini". Mke akajibu. Akarudia. Akawa anajibu vizuri kuliko hata mumewe.

Lakini habari za siku nzima unazisimuliaje kwa kijiko na chumvi? Siku za mwanzo mama huyu alijisahau. Mume akiingia tu, angeanza, "We, leo hapa kumetokea kituko..." Naye mumewe angetabasamu, aweke kiganja nyuma ya sikio, atikise kichwa: sisikii. Angeanza tena, na kiganja kingerudi sikioni. Mwisho akawa anapakua chakula, anaketi, anamtazama akila.

Jirani yake, waliyekuwa wakichambua mboga pamoja, akamwuliza, "Shoga, mbona siku hizi nyumbani kwenu kimya hivi? Kama mna msiba?"

"Shemeji yako anasoma."

"Na wewe je? Na wewe umeingia darasani?"

"Mimi nasubiri tufike huko," akasema mama, anatupa majani yaliyonyauka. "Labda huko nitaruhusiwa kusema."

Jirani akacheka. Ulikuwa utani mzuri. Tuseme ulikuwa utani.

Ikafika msimu wa baridi kali. Fundi akaona mkewe anajifunga kanga ya pili tumboni, anaikaza. Akadhani ni baridi. Akaona anabakiza chakula. Akadhani amekwisha kuonja jikoni. Jioni moja alikuwa mezani, anajisomea kwa sauti, mkewe akaja akasimama mbele yake, mkono mmoja ubavuni. Akasema kwa Kiswahili, "Baba Atupele, kuna jambo."

Fundi akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Mama yule akafumba macho, anatafuta. Alilitafuta neno katika kila alichofundishwa, katika viti na vijiko. Mumewe akaona anahangaika, akamhurumia, akataka kumsaidia kuanza. Akamwuliza lile swali analolijua.

"Hau ayu?"

Mama akafumbua macho. Akautoa mkono ubavuni.

"Ai em faini."

Na fundi akampigia makofi, maana ameitamka vizuri sana.

Akafanya mtihani wake. Mtahini alimwuliza kuhusu kazi, kuhusu mji wake, kuhusu familia. Akajibu bila kukwama. Alieleza hata jinsi mkewe anavyopenda kusimulia. Mtahini alifurahi.

Matokeo yalimfikia kwenye simu akiwa kiwandani. Alifaulu yote, na alama ya juu kuliko zote ilikuwa ya kusikiliza. Akaomba ruhusa, akashuka njia ya nyumbani karibu kukimbia, akavuka kizingiti cha nyumba yake, na yeye mwenyewe akaivunja sheria.

"Mama Atupele! Nimefaulu!"

Hakukuwa na mtu. Kwenye cherehani, kitambaa kilikuwa bado chini ya sindano. Jirani akaja akasimama mlangoni, kanga begani. "Shemeji, tumempeleka hospitali. Ameanguka hapo barazani."

Hospitalini, daktari akamvuta pembeni. "Mzee, maumivu haya yalianza lini?"

"Leo," fundi akasema. "Nadhani leo."

"Uvimbe huu si wa leo. Ni wa muda mrefu, na umeshasambaa. Hakuwahi kukulalamikia?"

Wapendwa, swali lile liliulizwa kwa Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo, naye akaenda kumwuliza mkewe.

Akaingia wodini, akaketi, akamshika mkewe mkono. "Mama Atupele, mbona hukuniambia?"

Mkewe akageuza uso polepole. "Kumbe leo Kiswahili kimeruhusiwa," akasema, na akatabasamu, maana utani ulikuwa bado haujamwisha. Kisha akasema, "Nilianza kukuambia. Neno lake sikulijua, Baba Atupele. Nilijua faini tu."

"Niambie sasa," akasema fundi. "Nisimulie. Nisimulie yote, tangu nilipokuzuia."

Alitaka kusikia habari za vitambaa, za kuku, za walionuniana. Lakini pumzi iliyobaki haikutosha kusimulia, na baada ya siku chache haikuwepo tena.

Mnataka kujua kama aliondoka? Aliondoka. Kibali kilitoka baada ya mazishi, Atupele akarudi bweni, na nyumbani hakukuwa na kilichomzuia. Anafanya kazi huko mpaka sasa, na wanamheshimu. Kila asubuhi wenzake humwuliza hali yake, naye huwajibu kama alivyomfundisha mkewe.

Sasa, ndugu zangu, nisisikike kama ninayehubiri dhidi ya safari. Kuhama si dhambi, kujifunza lugha si dhambi, na kutafutia nyumba yako maisha mema ni wajibu. Fundi hakukosea kutaka kwenda. Kosa lake lilikuwa hili: alimwekea mtu anayempenda sharti la kusikilizwa.

Na sisi je? Tunamlaumu, kwa sababu sheria yake aliitamka kwa mdomo. Za kwetu hatujazitamka, lakini wa nyumbani wanazijua. Yupo mtoto anayejua kwamba baba husikia habari za ufaulu tu, na siku ana habari nyingine hubaki nayo. Yupo mke ambaye lazima aongee taratibu, bila machozi, la sivyo ataambiwa, "Ukishatulia ndipo uje." Yupo mzee ambaye husikilizwa akiwa na jambo fupi, na jambo lake ni refu. Kila mmoja wao amewahi kusimama mbele yetu, mkono ubavuni, akitafuta neno tutakalolikubali.

Wala tusikicheke kile Kiingereza cha darasani. Hapa mlangoni asubuhi hii tumeulizana, "Habari za nyumbani?" Mmejibu nini? "Nzuri." Nimewasalimu wengi kwa mkono, na wote mlikuwa wazuri. Mama aliyefiwa na mtoto alikuwa mzuri. Kijana asiyepata usingizi alikuwa mzuri. Tumefundishwa jibu moja tangu tukiwa wadogo, tunalitamka vizuri, na anayeuliza anaridhika, anapita kwenda kumsalimu anayefuata.

Mungu hatuwekei sharti hilo. Mbele zake hata anayeugua bila neno lolote amesikika. Basi kama tumesikilizwa hivyo, tunaanzaje kuwachagulia wenzetu namna ya kusema?

Leo ukifika nyumbani, usitafute jambo kubwa la kufanya. Muulize uliyemkuta habari yake. Akikujibu "nzuri", usiondoke. Vuta kiti ukae. Hajaanza kusema.