Mkono Mmoja wa Bi Mwatumu

Sogeeni mkae. Hadithi hii haina mshindi, na mwenye haraka ya jibu atachoka njiani.

Palikuwa na nchi yenye vyama viwili, Ungo na Kibuyu. Ungo ukitawala, Kibuyu kinapinga. Kibuyu kikitawala, Ungo unapinga. Wazee walisema ungo hauchoti maji na kibuyu hakipepeti mchele, kwa hiyo nyumba inavitaka vyote viwili. Lakini wazee husema mengi, na vyama havikai jikoni.

Katika nchi hiyo walikuwapo wabunge watatu, kila mmoja na alichojaliwa na Mungu. Sekiondo wa Ungo, aliyekuwa pia waziri, alijaliwa ujasiri wa kusimama mahali wenzake walipokaa. Tabu Nyakunga wa Kibuyu alijaliwa subira ya kunyamaza. Msolwa, naye wa Kibuyu, alijaliwa shingo isiyogeuka. Na alikuwapo Bi Mwatumu, mjane wa kijiji cha Kihembe, ambaye hakuwa na cha kujivunia ila binti mmoja, Zamda.

Kihembe imekaa kando ya mto. Hospitali iko ng'ambo, na ng'ambo ndiko waliko watani wao. Masika moja Zamda akashikwa na uchungu. Wakambeba kwa kitanda hadi ukingoni, wakakuta mto umefurika, mtumbwi haukatizi. Mtoto akazaliwa pale pale kwenye matope, akalia. Mama yake hakuwahi kumnyonyesha. Bi Mwatumu alimfumba mwanawe macho huku akiiona hospitali ng'ambo, bati lake likimeta kwa jua lililotoka baada ya mvua.

Wakamzika bila watani, ambao kazi yao msibani ni kuchekesha. Hakuna aliyeruka kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Hakuna aliyeuiga mwendo wa Zamda mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mtani wao, Mzee Kibindu, ambaye kwa uzee hakuweza tena kupanda mtumbwi, alisimama ng'ambo akipiga kelele zake za utani, mikono ikipanda na kushuka, na mto ukayameza maneno yote. Bi Mwatumu aliona mdomo tu ukifunguka na kufungika. Tangu siku ile, kila alipoomba, aliomba daraja. Mtani avuke, amcheke Zamda, naye apate kulia inavyopasa.

Daraja lenyewe lilikwisha kufa bungeni mara mbili. Kibuyu kilipolileta, Ungo ulilikataa ili Kibuyu kisisifiwe. Ungo ulipolileta, Kibuyu nacho kikalipa kisasi.

Safari ya tatu aliyeandika muswada alikuwa Tabu Nyakunga. Aliuandika baada ya kuja kumpa Bi Mwatumu pole na kukishika kile kitoto. Ungo ndio uliokuwa ukitawala, na wabunge wake waliamriwa waukatae. Sekiondo akamfuata Tabu faraghani.

"Dada, jina lako likiwa juu ya karatasi ile, siwezi kusimama. Kwetu watanichomea nyumba."

"Na likitoka?"

"Likitoka nitasimama. Na wachache watasimama nami."

Tabu akaitoa karatasi mfukoni. "Basi nalitoa. Zamda hakuuliza daraja la nani."

Akalitoa. Muswada ukapita kwa jina la mtu mwingine, naye akakaa kimya huku wengine wakipigiwa makofi. Vijana wa chama chake wakamzomea barabarani: "Muuza Kibuyu! Umelipwa ngapi?" Akapita zake.

Siku ya kura Sekiondo alikuwa amesimama kama alivyoahidi, peke yake kwanza, huku wenzake wa Ungo wakimvuta koti. "Kaa chini, msaliti!" Hakukaa. Wachache wakamfuata, kura zikatosha. Wiki hiyo hiyo akavuliwa uwaziri, na kaka yake wa tumbo moja akakataa kula naye Idi.

Msolwa alipiga kura ya hapana. "Leo mnashikana mikono kwa ajili ya daraja," aliwaambia, "kesho mtashikana mikono kwa ajili ya kula. Mkipatana nyote, nani atabaki wa kuuliza?"

Watu walimchukia. Lakini daraja lilipoanza, wakubwa wa vyama vyote viwili walipatana upesi juu ya mfanyabiashara wa saruji, kwa sababu alikuwa akiwalisha wote. Ungo haukuuliza. Kibuyu hakikuuliza. Msolwa peke yake alikwenda mtoni, akaomba nyundo, akaipiga nguzo mbele ya wanakijiji. Nguzo ikamwagika mchanga.

"Haya," alisema, "vukeni mapatano yenu."

Nguzo zikavunjwa zikajengwa upya. Daraja likachelewa kwa masika moja zaidi, na masika hiyo ikamchukua mke wa jirani yake Bi Mwatumu, naye kwa uchungu wa kuzaa, pale pale ukingoni. Bi Mwatumu alikwenda kukaa naye matangani, akaipima hesabu moyoni. Bila Msolwa, daraja lingeanguka na watu juu yake. Kwa ajili ya Msolwa, mke wa jirani hakulikuta. Alimwachia Mungu hesabu ile, kwa kuwa yeye haikumwingia kichwani.

Daraja likaisha. Lilikuwa jembamba, la kupita machela na wachukuzi wake. Desturi ya Kihembe ni kwamba njia mpya ya mto hufunguliwa na mfiwa mmoja wa mto huo, na safari hii akachaguliwa Bi Mwatumu. Na yule ambaye mfiwa humshika mkono na kuvuka naye ndiye huitwa mwenye njia. Na mwaka ule majimbo ya wale watatu yalikuwa yameunganishwa kuwa moja, na uchaguzi umekaribia. Kila mtu alijua kwamba atakayeshikwa mkono na Bi Mwatumu atarudi bungeni, na wawili watakwenda nyumbani.

Siku ikafika. Bi Mwatumu akaja amevaa kanga safi, mkono wa kushoto amemshika mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa akitembea. Mkono wa kulia ulikuwa mtupu. Wale watatu wamesimama mbele yake, kila mmoja ametoa wake.

"Mshike Sekiondo," alisema shangazi mmoja nyuma yake. "Bila kura yake ungekuwa unatazama maji."

"Angepigia nini kura?" akauliza mwingine. "Tabu ndiye aliyeandika, akajifuta. Asiposhikwa leo, nani atakubali tena kufutwa?"

"Mshikeni mnayemtaka," akasema jirani aliyefiwa na mkewe, kwa sauti ndogo. "Ila mtapita juu ya nguzo za Msolwa. Hata mimi nitapita."

"Msolwa alisema hapana!"

"Na hapana yake ndiyo itakayoishika miguu yako isizame."

Bi Mwatumu aliitazama mikono mitatu. Akimshika Sekiondo au Tabu, atawafundisha wabunge wajao kwamba kupatana kuna malipo, na wenye saruji ya mchanga watasikia pia. Akimshika Msolwa, atawafundisha kukataa, na daraja la mto mwingine litafia bungeni. Akivuka peke yake, wote watatu watakwenda nyumbani, na nani atathubutu tena? Akasema moyoni, "Ya Rabi, mimi nilikuomba njia tu."

Ng'ambo, Mzee Kibindu alikuwa amekwisha kumwona. Amezidi kuzeeka, anaegemea mkongojo, lakini siku ile mto ulikuwa mdogo na sauti yake ilifika.

"We Mwatumu! Mvivu wa ukoo wa wavivu! Vuka basi! Mwanao sijamcheka bado, nami nakaribia kufa!"

Machozi yakaanza kumtoka. Mjukuu akamvuta. Mguu mmoja ulikuwa juu ya ubao wa kwanza, na mkono wa kulia ulikuwa hewani.

Hapo ndipo tunamwacha, maana aliyeisimulia kwanza hakusema zaidi. Mkono ni mmoja, na mtani anangoja. Enyi mlioketi hapa, mngemwambia amshike nani?